Plastiki ya Baba na Skana ya Mama Mdogo

Kware, Pipeline,
Nairobi.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Mama mdogo Mbinya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa orofa ya tano. Mgongo wako unaendeleaje? Mama anasema bado unakuuma ukitoka kazini, na anataka kujua kama ile dawa ya kuchua aliyokutumia ilikufikia au ilikwama kwa watu wa forodha. Na Muoki mdogo, je, jino limeota? Sisi ni wazima. Mama ana mafua lakini kibandani anaenda kila siku. Mimi ninaendelea vizuri na masomo, isipokuwa Fizikia, ambayo leo sitaki kuizungumzia.

Uliponiuliza kwa simu kama skana uliyonitumia kutoka Kanada inafanya kazi, nilijibu, "Inafanya kazi vizuri sana, asante." Baba alikuwa ameketi karibu nami, na nimefundishwa kwamba zawadi hailalamikiwi. Lakini jibu hilo limenikereketa tangu siku ile, kwa hiyo nimeona afadhali nikuandikie yote yaliyotokea.

Mashine yenyewe ni nzuri, sikatai. Urefu wake haupiti rula yangu kwa mengi, na ni nyepesi kuliko pakiti ya unga. Inachajiwa kwa waya wa simu, na hata stima ikipotea inaendelea kufanya kazi. Unaingiza karatasi upande huu, inatokea upande ule baada ya sekunde chache, na picha yake imeshafika kwenye simu bila waya wowote. Rangi hazibadiliki. Nimepitisha humo noti zote za Kemia za rafiki yangu Mideva. Barua hii pia nimeiandika kwa mkono, kisha nikaipitisha humo ndipo ikakufikia. Tazama jinsi mistari ilivyonyooka.

Shida ni kwamba hukuituma kwa ajili ya noti. Uliituma ili nipeleke nakala za vyeti vyangu kwa ile shule ya ng'ambo uliyoniambia habari zake, kabla ya mwisho wa Mei, bila vyeti vyenyewe kutolewa nyumbani. Unamjua Baba. Cheti chake cha shule alikiacha kwenye duka la fotokopi, mvua ikaingia dukani usiku, na asubuhi akarudishiwa kitu kama uji. Tangu hapo ana sheria mbili. Cheti hakitoki nyumbani, na kila cheti hupigwa laminesheni, tena ile plastiki nene kuliko zote. Vyangu ukivigonga mezani vinalia.

Nadhani umeshaelewa. Mimi sikuelewa mpaka cheti changu cha kuzaliwa kilipokuwa nusu ndani na nusu nje, mashine inakoroma, na Baba ndiye huyo anaingia kutoka kazini.

"Wanza! Hiyo mashine inakula cheti?"

"Haijala, Baba. Imekwama."

"Toa. Toa polepole!"

"Natoa polepole."

"Mbona unakawia hivyo? Kitaisha humo ndani!"

Mama alicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Kilipotoka salama nilisoma tena kijitabu cha maelezo, na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kama siafu, nikakuta wameandika kwamba karatasi zilizofunikwa plastiki zisiingizwe. Mbona wasiseme hivyo ukurasa wa kwanza? Wameeleza kurasa nzima juu ya nukta mia sita kwa kila inchi, nukta ambazo mimi sina namna ya kuzitumia!

Nilipendekeza nikate ukingo wa plastiki kwa makasi. Baba alisema neno moja tu, "Thubutu." Nilipiga picha kwa simu, lakini juu ya jina langu palionekana taa ya sebuleni na paji la uso wangu. Tena shule ilishasema haitaki picha za simu. Nilikasirika, Mama mdogo. Kila kitu nilikuwa nacho. Nilikuwa na alama, na insha niliyoiandika mara nne, na mashine kutoka Kanada, lakini nilikuwa nazuiliwa na plastiki.

Kumbe chini ya jengo letu, kwenye saiba ya Patrobas, lile duka lake la intaneti, kuna skana ya mezani, ile kubwa ya kioo na kifuniko, ambayo haijali plastiki. Ngazi tu zilikuwa kati yangu na kioo kile. Baba alikataa. Mama akamwambia, "Baba Wanza, mtoto atakosa shule kwa sababu ya ngazi?" Baba akaongeza sauti ya redio.

Basi nilishuka mwenyewe nikamuuliza Patrobas kama mashine yake inaweza kuvifuata vyeti. Alicheka hadi wateja wakageuka. "Wewe, hii si sufuria ya kuazima!" Kisha akaniuliza ni shule gani, nikamweleza, akakubali kuileta. Jumamosi mchana alifunga saiba akapanda nayo ngazi, ameifunga kwa shuka kama mtoto mchanga.

"Ungeniambia mnaishi mbinguni ningekuja na malaika wa kunisaidia," alisema mlangoni, jasho likimtiririka. Alipopewa cheti alikipima mkononi. "Mzee Munyoki, hiki ni cheti ama ni sahani?"

"Sahani haimpeleki mtu shule," Baba alijibu. "Fanya kazi."

Baba hakumruhusu kukigusa tena. Alivilaza mwenyewe juu ya kioo, kimoja baada ya kingine, na kila mwanga ulipopita chini yake alisimama wima kama yuko kanisani. Tulituma vyote siku hiyohiyo, Mei haijaisha.

Juzi jibu lilikuja. Wameniita kwenye mahojiano Jumatano, katika ofisi yao ya hapa mjini, na wanataka nibebe vyeti halisi vionekane kwa macho. Niliogopa kumwambia Baba kuliko ninavyoyaogopa mahojiano yenyewe. Siku hiyo atakuwa barabarani na lori, anapeleka mzigo Mombasa, na Mama hawezi kufunga kibanda.

Baba alisoma ujumbe, akautoa mfuko anamohifadhi vyeti, akaniwekea mwenyewe ndani ya begi langu la shule.

"Begi likae mbele, si mgongoni," akasema. "Wakikuambia uviache, usiviache."

"Na wakiniambia mimi nibaki?"

Alivuta zipu mpaka mwisho, polepole.

"Wewe baki," akasema.

Msalimie Baba Muoki, na umbusu Muoki mdogo kwa niaba yangu. Nyanya Nzivo anakusalimu kutoka Mwingi. Anasema mahindi mwaka huu si haba. Mungu akulinde zamu za usiku na akuondolee maumivu ya mgongo. Jumatano asubuhi, kabla hujalala, niombee.

Ni mimi mwanao anayekupenda sana,

Wanza Munyoki