Nyota ya Thelathini na Saba

Jumatatu, 4 Machi

Picha za kwanza zimefika saa nne asubuhi! Darubini mpya inaona joto, kwa hiyo vumbi la lile wingu la angani tunalolichunguza haliizuii. Ndani kuna mamia ya nyota changa — nyingine bado zimefunikwa gesi, kama watoto kwenye blanketi. Ofisi nzima tumepiga makofi. Fundi wa kompyuta katokwa machozi, eti mafua.

Mimi nimepewa kulinganisha picha na orodha ya Mwalimu: nyota thelathini na saba, alizozipima ndani ya wingu hilo miaka ishirini, kwa darubini kuukuu. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Sasa haoni kabisa, presha ya macho. Nikajidai kazi ni rahisi.

Jumanne, 5 Machi

Thelathini na sita zipo. Ya mwisho haipo.

Nimekagua picha zote. Pale ni ukingo wa wingu tu, unang'aa kwa mwanga wa nyota jirani. Na hiyo ndiyo aliyoiita Kidoti, jina la utani la bintiye. Aliiona wiki waliyomzika binti huyo. Sikula mchana.

Jumatano, 6 Machi

Nimetoa madaftari yake kabatini. Vipimo vya nyota nyingine vinapishana kidogo kila mwaka, kama kipimo chochote cha haki. Vya Kidoti havipishani. Miaka tisa, namba zile zile hadi tarakimu ya mwisho. Hakuwa anapima. Alikuwa ananakili.

Mwalimu! Aliyenirudishia kazi mara tatu kwa sababu nilikisia. Kwanza nilikasirika. Kisha nikalia chooni, bomba nimelifungulia. Nadhani aliogopa kuangalia tena.

Nilimwomba mkuu wa kitengo tuiruke kimya kimya. Kasema la kuvunda halina ubani: ripoti inatoka Ijumaa saa tisa, kosa litaandikwa, na jina la Mwalimu litakuwemo. Ila nimwambie mwenyewe kabla hajalisikia kwingine.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefika hadi mlangoni kwake, nikarudi. Mwoga mimi. Jioni mkewe kanipigia — Mwalimu kasikia habari za picha redioni, anauliza nitakuja lini kumsomea orodha.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nane na nusu, nusu saa kabla ya ripoti. Naandikia magotini, sebuleni kwake.

Nimemsomea. Nyota moja moja, naye anaitikia kwa kichwa, nyingine ananitangulia namba kabla sijazitaja. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu macho yalipomwishia. Nikafika ya thelathini na sita, nikakunja karatasi.

"Imebaki moja," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Imebaki moja."

Hakuuliza. Akainuka akipapasa ukuta. Kasema nimsubiri abadilishe nguo, habari za mwanawe hawezi kuzipokea akiwa na fulana. Mkewe alitaka kumsaidia, akakataa.

Mama wa watu alinitazama usoni, nami nikaangalia sakafu. Akaelewa. Akaja kukaa karibu yangu.

"Mwambie ipo, mwanangu. Uongo huo nitaubeba mimi."

Nikalifungua daftari hili. Huko chumbani anahangaika na vifungo, tunamsikia. Mwandiko umekuwa wa kuku. Natamani achelewe. Kabati limefungwa. Sasa hatua zake ukumbini.

Mlango unafunguka. Amefunga na tai.