Mama Mkwe Anaendelea Pale Nilipoachia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba haraka, kwa sababu Jumapili ya mwisho wa mwezi huu mtoto wetu Ian anabatizwa hapa Kitale na mama mkwe wangu anakuja, nami sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni Mbukusu, nina duka la dawa za mifugo na mbegu hapa Matisi, na jambo lenyewe lilianza na kubana matumizi tu. Mtoto alipozaliwa gharama zilipanda, mke wangu Edah akasema tuache kulipia ule mtandao wa filamu, mimi nikaona hiyo ndiyo starehe pekee iliyonibakia maana pombe sinywi na mpira unanipandisha presha, nikampigia shemeji yangu Fridah, dada yake Edah, aliye kwao Kamukuywa, nikamwambia tuchangie akaunti moja, yeye nusu mimi nusu, akakubali kabla sijamaliza kusema, nikampa paswadi, nikajisifu kwa Edah kwamba mumeo ana akili. Nilichosahau kuuliza ni Fridah atatazamia wapi. Nilidhani kwenye simu yake.

Sasa kuna tamthilia ya mapenzi ninayoifuata, ya daktari anayegombaniwa na dada wawili, na kusema ukweli kuna mambo ya kitandani humo ambayo hata Edah akipita mimi hushika rimoti. Wiki jana nilifungua nikakuta nimesogezwa mbele, vipindi ambavyo sijaviona vimeshatazamwa, nikamshuku Edah. Akasema, "Si mimi bana! Mimi nanyonyesha, hiyo nguvu ya kutazama daktari wako nitatoa wapi? Uliza Fridah." Nikauliza, na Fridah akanitumia sauti kwa simu huku anacheka: "Shem, ati hukujua? Si ni mathe! Tangu aanguke mguu uwekwe plasta, hiyo tivi ya sitting room ndiyo rafiki yake. Yeye anafinya tu hapo kwa jina la Baba Ian, ati hapo ndio kuko na hadithi tamu."

Mshauri, nilizima tivi papo hapo. Desturi yetu unaijua. Mimi na mama mkwe hatupeani mkono, hatuli meza moja, na nikimwona njiani naingia kwenye mahindi ya watu ili apite. Wazee wa kwao walisema tutasalimiana kwa mkono siku nitakapompelekea blanketi, na hilo blanketi nimeliahirisha tangu harusi, kila nikitaka kununua kunazuka jambo. Sasa mtu nisiyeweza hata kumtazama usoni anajua ninachotazama, anajua mpaka nilipoachia, na anaendelea hapo hapo!

Halafu jana mtandao ukaniletea ujumbe kwamba akaunti hii ni ya watu wa nyumba moja, nithibitishe kuwa tivi ya Kamukuywa iko nyumbani kwangu, la sivyo itazimwa. Nikikubali, nimetangaza kwamba mimi na mama mkwe tunaishi chini ya paa moja, jambo ambalo kwetu hata kulitamka ni aibu. Nikikataa, tivi itazimika, mama mgonjwa atabaki akiangalia ukuta, atatambua kwamba nimejua, na pengine kwenye ubatizo hatakuja kabisa, na Edah hatanisamehe maana huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza. Nimechanganyikiwa. Juzi nilimuuzia mteja dawa ya kupe badala ya minyoo, ikabidi nimkimbilie hadi steji ya matatu. Nifanye nini?

Baba Ian, Matisi

*

Baba Ian, vuta pumzi kwanza. Mimi Nyaruai si Mbukusu, lakini nilizaliwa na kulelewa huko mji wa Kwanza, jirani na Kitale, na majirani zangu wameyakanyaga sana mahindi yangu wakiwapisha wakwe zao. Kwa hivyo usidhani nakucheka. Nakucheka kidogo tu.

Hebu nikuulize. Muda huu wote mama ameona jina lako na ameona unachotazama. Alimwambia nani? Edah hakusikia neno. Wewe hukuletewa mafumbo. Huyo mama amekupisha, kama unavyompisha wewe njiani, akatazama kando. Heshima yako iko salama kwake. Anayecheka ni Fridah, kwa hivyo mpigie leo umwambie afunge mdomo, asimtanie mama hata kidogo.

Hicho kitufe cha kuthibitisha usikibonyeze. Hata tukiacha mambo ya mila, huo ni uongo tu. Bei mliyolipa ni ya nyumba moja, nanyi mko nyumba mbili, wilaya mbili. Ulijisifu una akili, lakini akili gani ya kuchangia kitu bila kusoma masharti wala kuuliza kitawekwa sebule ya nani?

Fanya hivi. Fridah afungue akaunti ya Kamukuywa, ule mpango mdogo kabisa unaofanya kazi kwenye tivi. Ile nusu aliyokuwa akikutumia aanze nayo, nawe ongezea kinachopungua mpaka mama atolewe plasta. Hiyo ikishafanya kazi ndipo uiondoe tivi yao kwenye yako, mama asikose hata kipindi kimoja. Wewe nawe teremka hadi mpango nafuu wa kutazamia kwenye simu. Na msimu wa kupanda, unaposhinda dukani, isitishe, utaifungua tena mahindi yakishaota. Hapo ndipo pesa huokolewa, bila kumwingiza mama mkwe kwenye akaunti yako.

Sasa blanketi. Hapa nimekukasirikia kweli. Daktari na wale dada wawili wamepata hela yako kila mwezi, mama aliyekuzalia mke akakosa? Nunua lililo zito, mguu ule unaumwa na baridi. Kisha mpigie mjomba wa Edah, mwambie uko tayari, wazee wapange likabidhiwe kabla ya ubatizo. Mama hatakosa kuja. Atakupa mkono, kisha atamchukua Ian, na wewe hutahitaji mahindi ya mtu.

Siku hiyo ongeeni habari za mguu. Ya daktari yaache. Lakini mkishazoeana, hata kama ni mwaka ujao, ukitaka kujua alimwoa dada yupi, unajua wa kumuuliza.