Kikombe Kimebaki Mbeya

Mama Tito, mke wangu, hujambo? Baridi ya Mbeya inaishinda hata ya kwetu Iringa. Leo chuo cha mwanao kimefungwa fainali ya mpira wa kikapu, tena kwa goli moja tu! Tito alishafika golini na mpira. Mbele yake akasimama mwalimu wake wa darasa la pili, ambaye siku hizi anasoma chuo cha hapa, akanyoosha mikono kumzuia. Tito akampa mpira. Kwa mikono miwili, Mama Tito, kama ulivyomfundisha! Namuuliza, ananijibu, "Baba, mwalimu ningemnyimaje?"

Nakuletea mchele wa Chimala. Ila mtoto usimgombeze. Nilimfuata yule mwalimu ili nimfokee, na nilipomfikia nikajikuta nimevua kofia.

Mumeo akupendaye,
Baba Tito