Uji wa Ijumaa

Ekerenyo, 9 Machi 1951

Kwa mwanangu Cleophas,

Salamu nyingi. Hujambo huko kwenye mashamba ya majani chai? Mimi mzima, ila goti, nalo ni la uzee, tuliache.

Tangu nibatizwe mtoni sijagusa pombe. Mrija wangu wa kunywea nimeuchomeka darini. Nilidhani kitakachonisumbua ni kiu, kumbe kiu iliisha upesi. Kilichobaki ni jioni. Mama yako tulimzika, wewe uko mbali, na wazee wenzangu wamezunguka chungu cha pombe kwa jirani Ombui, ng'ambo ya ua. Kila kicheko chao nakisikia. Mchungaji alinifundisha kuacha, hakuniambia nikae wapi jua likizama. Nasoma Zaburi kwa sauti ili nyumbani pawe na mtu anayesema. Nina upweke, mwanangu.

Baba yako,
Nyangate

*

Kericho, 2 Aprili 1951

Tata mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Goti lipake mafuta, usilidharau. Mimi sijambo.

Tata, Bwana alisema juu ya nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu: pepo aliyetoka hurudi na wenzake. Tia kitu pale pombe ilipotoka. Ijumaa ukipika chakula cha Sabato ya kesho yake, pika na chungu kizima cha uji wa wimbi, uwaite wazee waje na mirija yao. Mwezi wa nane nina likizo. Nitafika na lori la Ijumaa, tunywe pamoja.

Mwanao,
Cleophas

*

Ekerenyo, 28 Septemba 1951

Mwanangu Cleophas,

Hujambo? Nauliza kwa dhati, maana mwezi wa nane umepita.

Nilipika. Walikuja wote na mirija. Lakini sisi wawili hatukufikiri: uji ni mzito, mirija ikaziba! Ombui alivuta mpaka macho yakamtoka. Wazee walicheka hadi wakalia, nami nikacheka, hapa kwangu, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha wakarudi kwenye pombe yao. Ombui peke yake huja bado kila Ijumaa, tunakunywa kwa kibuyu. Hasemi mengi, ila anakuja.

Kiti chako nilikiweka nje. Kililowa mvua, nikakirudisha ndani.

Baba yako,
Nyangate

*

Kericho, 20 Oktoba 1951

Tata,

Nisamehe. Mnyapara alikataa ruhusa. Krismasi nitakuja bila kukosa, Ijumaa ya kabla yake. Uji uwe mwepesi!

Mwanao,
Cleophas

*

Ekerenyo, 15 Februari 1952

Mwanangu Cleophas,

Salamu. Goti linauma zaidi, mengine nashukuru Mungu. Krismasi nilipika uji mwepesi kama ulivyotaka, nawe hukufika. Baada ya hapo nimekuandikia, hukujibu. Sikukasirikii. Nasikia huko kuna vilabu vya pombe, na kijana mwenye mshahara hana jioni ndefu. Kama ni hilo, jua kwamba linaachika. Mimi niliacha nikiwa mzee na nikiwa peke yangu.

Ila nina zoea jingine. Kila Ijumaa nashuka barabarani kutazama nani anateremka kwenye lori la Kericho. Ombui asema nitaumaliza mguu, niache. Nimeliombea kama nilivyoombea pombe, na haliondoki. Labda ni mimi nisiyetaka liondoke.

Leo ni Ijumaa. Ombui ameshaketi. Nimemwambia atangulie kunywa, mimi nafika barabarani, nakuja sasa hivi.

Baba yako,
Nyangate