Mtani Ameomba Koti Langu

Iringa, Jumanne. Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi, na kifua changu kinajua.

Kuna jambo nimelificha miaka mingi, hata kwa marehemu mke wangu. Sikuondoka Mbeya kwa kutamani shamba. Niliondoka kwa sababu rafiki yangu alinigeuza kichekesho mbele ya watu niliowahitaji, na mila ikanikataza kukasirika.

Naandika leo kwa kuwa huenda nisiandike tena. Daktari amemwambia binti yangu Lusungu ukweli pale sebuleni, akidhani masikio yangu nayo yamekwisha kama miguu.

Mnaonisoma hapa mnanijua kama mzee wa mahindi na mizinga ya nyuki. Lakini nilisomea tiba ya wanamichezo, na nilihudumia timu ya mpira Mbeya mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Wachezaji waliniita dokta, mashabiki mkandaji. Kukanda kulikuwa sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ni kumjua mchezaji kabla hajaumia, kumshika vizuri anapoumia, kisha kumrudisha uwanjani polepole, asije akawahi akaharibika kabisa.

Siku moja tulicheza Chunya, kwenye jua la kukausha tumbaku. Beki wetu, Ambele, akaanza kukimbilia goli letu wenyewe, kisha akaanguka. Ngozi yake ilikuwa inaunguza, maneno hayaeleweki. Watu wakambeba kumkimbiza hospitali. Nikasimama mlangoni mwa gari.

"Haondoki hapa mpaka apoe."

"Dokta, unamuua mtoto wa watu!"

Tukamvua jezi, tukamlaza kivulini juu ya koti langu, tukammwagia maji yote yaliyokuwepo, pamoja na barafu ya wauza soda. Alipoweza kutaja jina la mama yake ndipo nikaliachia gari. Hospitali wakampokea akiwa anaongea, wakashangaa ameletwa kwa nini.

Hapo nikaandika ombi. Nilitaka hospitali ya Mbeya iwe na mtaalamu mmoja wa aina yangu na chumba kimoja, shule na timu zimpate kwa urahisi, na yeye asikilizwe na madaktari. Na si kwa wachezaji tu. Wachimbaji wa dhahabu nao wana magoti na migongo.

Kosmas alikuwa daktari pale. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, watani tangu vita vya mababu zetu. Akija kwangu alikuwa anafunua sufuria bila kuomba, eti anatafuta nyama ya mbwa, maana sisi Wahehe hutaniwa kwamba tunakula mbwa. Nikienda kwake naondoka na kuku. Alilisoma ombi langu lote, akanipiga begani.

"Mtani, hili nitalisema mwenyewe kikaoni. Wewe kaa, tulia."

Nikakaa. Nikatulia.

Siku ya kikao cha hospitali tulikwenda wote wawili, na zamu yetu ilipofika, Kosmas akasimama.

"Waheshimiwa, huyu Mhehe anaomba chumba cha kukandia watu. Mkimpa, wiki ijayo mtamkuta mle ndani anakanda mbwa, alainishe nyama!"

Meza nzima ikacheka. Mwenyekiti, akifuta machozi, akasema twende ajenda inayofuata. Ombi langu halikukataliwa. Lilichekwa tu, na kicheko hakina rufaa.

Baadaye chumba kile nilichokiomba kikawa ofisi ya Kosmas.

Ningemshtaki wapi? Mtani hakasirikiwi. Ukinuna, wewe ndiye mwenye kasoro. Nikafunga mizigo nikarudi Iringa, nikiwaambia watu nimechoka na mpira.

Kiangazi kilichofuata timu ilikwenda tena Chunya, bila mimi. Winga mgeni, kijana ambaye sikuwahi kumwona, akaanguka kwa jua lilelile. Walimbeba haraka wakamwingiza garini, wakapandisha vioo kwa sababu ya vumbi. Hakufika Mbeya. Ambele ndiye aliyenipigia simu. Alilia kwanza, kisha akasema neno moja ambalo bado naamka nalo.

"Dokta, maji yalikuwepo."

Leo asubuhi Kosmas amepiga. Sauti yake nayo imezeeka.

"Mtani, nasikia unakufa! Subiri basi mpaka mavuno, sina nauli."

"Tangulia wewe, Mngoni. Nitakuja kula wali wa msiba wako."

"Lile koti lako la uwanjani, la bluu, niachie. Siku hiyo nitalivaa nikuigize unavyokanda. Watu hawatalia!"

Ni haki yake. Kwenye misiba yetu mtani huvaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke, na hakuna wa kumzuia. Basi wajukuu zangu watamwona mzee akikanda hewa kando ya kaburi, nao watajua hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya babu yao.

Nimemwambia Lusungu asimpe koti.

Ameshtuka. "Baba, kwani umegombana na mzee Kosmas?"

"Hatujagombana hata siku moja," nimemjibu. "Ambele akija, mpe yeye."

Amelichukua koti. Amelikung'uta vumbi, amelitundika nyuma ya mlango wangu, na sasa naliangalia huku naandika. Lina doa begani ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Ni udongo wa Chunya.

Nilidhani nikishamsema Kosmas nitapata usingizi. Nimemsema. Alinisaliti, na nitakufa nikijua hivyo. Lakini nikirudia kusoma niliyoandika, naona kuna mtu nimempitisha kimyakimya.

Nimeandika kwamba meza nzima ilicheka. Na mimi nilikuwa kwenye meza ile. Nilikuwa na ombi langu mkononi, na Ambele alikuwa hai kwa sababu ya kazi ile, na nilikuwa na haki ya kusimama na kusema.

Nilicheka. Nilipiga meza kwa kiganja, nikacheka kwa sauti kuliko wote.