Nilikimbia na Kiberiti

Mbeya, Jumapili jioni, Septemba 1954

Upepo wa kiangazi umevuma mchana kutwa, vumbi limeingia hadi kitandani. Nimefunga dirisha. Bado nasikia harufu ya nyasi zilizoungua, au labda imo puani mwangu tu.

Leo nimekwenda hospitali kumtazama Kaka Ambakisye, tarishi wa ofisi yetu. Amelala kifudifudi, mgongo na miguu vimefungwa bendeji. Amewaambia watu wote kwamba nilikimbia kumtafutia msaada. Mkewe alipiga magoti kunishukuru, akanipa chane la ndizi.

Nililipokea kwa mikono miwili.

Ukweli ni huu. Juma lililopita tulikuwa tukirudi kutoka Iringa, lori likaharibika kwenye mbuga za Usangu. Mimi na yeye tukashika njia ya miguu kwenda Ubaruku kutafuta fundi. Katikati ya nyasi ndefu tukaona moto unakuja na upepo.

Kila mtu wa huku anajua la kufanya. Unawasha nyasi zilizo mbele yako, upepo unaupeleka moto wako mbali, nawe unaingia kwenye majivu. Moto mkubwa ukifika haukuti cha kula.

Mimi hata nimeliandika jambo hilo. Tangu masika natunga hadithi ya mtu aliyepotea porini, anayeokoka kwa sababu yeye anafikiri wakati wanyama wanakimbia ovyo. Anawasha kiberiti, anasimama majivuni ametulia, na swala wanampita wakiwa wamepagawa. Niliipenda sana sura hiyo. Niliisoma ofisini kwa sauti.

Kiberiti chetu kilikuwa mfukoni mwangu. Ambakisye alinipa nimshikie kwa kuwa mfuko wa kaptula yake umetoboka.

Nilikimbia. Sikuamua, miguu ndiyo iliyoamua. Swala mmoja alinipita ubavuni, na kwa kitambo tulikuwa sawa, yeye na mimi, macho yametutoka. Nyuma yangu Ambakisye aliita, "Karani! Kiberiti! Nitupie kiberiti!"

Nilimsikia.

Nikaangukia kwenye korongo la mchanga, nikapona bila hata lengelenge moja. Yeye aliokotwa na wachunga ng'ombe. Swala yule simlaumu, hakuwa na kiberiti.

Leo Ambakisye aliniomba nimsomee ile hadithi ili asahau maumivu. Nilisoma hadi moto unapotokea, nikafunga daftari.

"Enhe? Halafu?"

"Sijamaliza kuandika, kaka."

Alicheka mpaka akaguna. "Basi mfanye akimbie, Karani! Mtu gani asimame anangoja moto kama anangoja posho?"

"Mwache mtoto wa watu," mkewe akasema. "Humwoni alivyokonda kwa ajili yako?"

"Konda nini, karani tangu lini akawa na nyama?" Kisha akageuza uso ukutani, akasema polepole, "Akimbie tu. Ila akimbie na mwenzake."

Nilitoka bila hata kuaga vizuri.

Kesho nikitoka kazini nitarudi, nitamwambia kwamba nilimsikia. Naogopa atanifukuza. Naogopa zaidi aniambie kwamba alijua, na kwamba siku zote hizi, katika maumivu yale, amekuwa akinifichia aibu.