Inchi Mbili na Robo

Tarehe 4, mwezi wa pili

Mwanangu mpendwa,

Nachukua nafasi hii, nikiwa nimesimama kwa sababu kiti kina nguo za mteja, kukutangazia kwa heshima na huzuni kubwa kwamba sahani ya wali na maharagwe pale mgahawani kwa Bi Mizani imepanda bei. Wafiwa ni mimi, kinyozi, na yule mwalimu mstaafu wa meza ya mlangoni. Matanga hayajapangwa, maana chai nayo imepanda na hakuna wa kuwanywesha waombolezaji.

Baada ya hayo, hujambo? Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu ngazi. Shangazi yako anakusalimu. Usifurahi haraka, nitamfikia.

Unajua tangu mama yako atutoke, miaka mitatu hii, nakula kwa Bi Mizani mchana na jioni. (Jina tulimpa sisi: anapima nyama kwa macho na hajawahi kukosea upande wake.) Bei ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa rangi ya mafuta. Majuzi nimekuta kaifuta, kaandika kwa chaki. Mimi nimeshika chaki miaka arobaini, na fundi huchora kwa chaki pale tu anapojua atabadilisha. Nikaagiza. Lakini sahani ilipofika, kile kilima cha wali kilikuwa kimelala. Nikavua tepu shingoni, nikapima. Inchi moja na nusu. Zamani kilikuwa inchi tatu kamili!

"Fundi, unafanya nini?" akauliza Bi Mizani.

"Napima, mama. Naona nguo imepunguzwa na bei imeongezwa."

Watu wakacheka. Kinyozi akasukuma sahani yake: "Na hii yangu, fundi!" Nilikuwa nimefika meza ya nne Bi Mizani aliponifikia. "Toka! Na usirudi hapa na huo mkia wako wa shingoni!"

Kwa hiyo nimefukuzwa. Siku nne nakula mkate. Shangazi yako, dada yangu huyu huyu mmoja, alisikia kabla sijafika nyumbani. Kaja, kafungua sufuria, kakuta buibui. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Akija akakuta bado sijui kujipikia, analeta gari la mizigo, ananihamishia kwake, na nyumba hii inafungwa. Kwake, mwanangu! Kwake cherehani ni kelele na taa zinazimwa saa mbili. Nyumba hii nimeijenga kwa suruali moja moja.

Nifundishe kupika. Andika. Simu sitaki, kwenye simu huwezi kurudia mstari.

Baba yako, fundi


Tarehe 19, mwezi wa pili

Baba yangu,

Shikamoo. Pole kwa msiba wa wali. Mimi sijambo, mikono tu imekunjamana kwa sabuni. Ingekuwa nguo ungeipiga pasi.

Usidhani huku ugenini kuna nafuu. Hapa mgahawani ninapoosha vyombo, kikombe kimoja cha kahawa ni jasho la karibu saa nzima kwenye karo. Sahani ya chakula ni siku nzima. Hata maji yanauzwa, kwenye chupa yenye shingo ndefu kama mtu anayetafuta kosa. Na tajiri wangu naye ameanza kuandika bei kwa chaki! Wateja wanaingia, wanasoma ubao, wanakumbuka wana safari. Wanaobaki wanagawana supu moja kwa vijiko viwili. Miaka miwili naosha sahani ambazo sijawahi kupakuliwa chakula. Nimejiapiza, baba: siku moja nitaketi meza ya dirishani, niagize, nilipe bei kamili kama watu.

Wali ni rahisi. Osha mchele, weka maji kiasi, chumvi kidogo, moto wa wastani. Ukikauka, funika, punguza moto. Maharagwe loweka usiku, chemsha mpaka yaive, kaanga kitunguu na nyanya kiasi, changanya. Basi!

Usikubali kuhama. Mimi nikirudi nitarudi wapi?

Mwanao


Tarehe 8, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi sina hakika.

Kiasi ni kiasi gani? Ningemwambia bwana harusi "suruali yako nimeikata kiasi," angekwenda kuoa magoti nje.

Wali wa kwanza ulikuwa uji. Wa pili ulikuwa changarawe. Wa tatu umekataa kutoka kwenye sufuria, tunaangaliana tu. Kinyozi ameukagua, anasema unafaa kuziba paa. Maharagwe sitayataja, jirani ameyataja vya kutosha.

Shangazi yako alipita jana. Akanusa mlangoni, hakuingia, akauliza kabati langu lina upana gani, litaenea garini? Nikampimia. Ni mazoea.

Baba yako, mwenye njaa


Tarehe 30, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Sikungoja jibu lako. Salamu zako zipo, utazikuta mwishoni kama nafasi itabaki.

Nilikuwa nasugua sufuria ya mama yako, ile yenye mkono mmoja, kuung'oa ule wali wa tatu. Ulipotoka, nikaona mstari ndani. Si mkwaruzo. Ni alama ya maji, imezunguka sufuria yote kwa kimo kimoja, kama pindo. Miaka ishirini na sita maji yanafika pale pale, na mimi nimekaa sebuleni nangoja sahani, nadhani mwenzangu anakisia. Nikashusha tepu. Inchi mbili na robo kutoka chini. Nikapima upande wa pili, wa tatu, wa nne. Mbili na robo. Mimi mwenyewe sijawahi kushona pindo lililonyooka hivyo.

Nikakaa kidogo kwenye kigoda chake. Kisha nikapika.

Andika, na usibadilishe kitu. Mchele, vikombe vitatu vya kile kikombe cha bati kilichobonyea. Maji mpaka inchi mbili na robo. Ukikauka, funika, uache kwa muda wa kushona mifuko miwili ya nyuma. Maharagwe, maji yayazidi kwa inchi mbili, na yakishuka kufika moja, ongeza. Kitunguu, vipande vya robo inchi. Nyanya nne, kila moja kiuno inchi saba.

Nilikula sahani mbili. Kinyozi alikula tatu na hakutaja paa.

Baba yako, fundi wa kila kitu


Tarehe 21, mwezi wa tano

Baba,

Shikamoo sana. Habari za goti? Nisamehe kimya changu. Huku mambo yamepinduka, nikapinduka nayo, kutoka kwenye karo mpaka kwenye jiko.

Barua yako niliisoma nikiwa nimevaa glavu za sabuni. Wenzangu wakaniuliza nalia nini, nikasema kitunguu. Hakukuwa na kitunguu. Nikaibandika ukutani juu ya bomba.

Wiki ile ile mpishi wetu akaacha kazi. Tajiri ameshika kichwa: wateja hamna, mpishi hamna, na sisi wafanyakazi tuna njaa. Nikamwambia, tajiri, niwapikie wenzangu? Akasema pika, ila usiguse nyama. Nikanunua tepu duka la vitambaa. Nikatafuta sufuria ya upana wa ile ya mama na kikombe cha ukubwa wa kile cha bati, nilivijua kwa mikono, nimevisugua utoto wangu wote. Nikafuata barua neno kwa neno, na mifuko miwili ya nyuma niliishona kichwani.

Tukaketi kula. Mzee mmoja alikuwa mlangoni, ameshasoma ubao na kukumbuka safari. Akanusa, akarudi.

"Hicho mnachokula nyinyi ni bei gani?"

Tajiri akababaika. "Hicho hakiuzwi, mzee."

"Basi na hivyo vingine sinunui."

Kesho yake kiliandikwa ubaoni, kwa robo ya bei ya vile vingine. Wiki ya pili foleni ilitoka nje ikapinda kona. Sasa napika mimi, anaosha mwingine. Siku moja tajiri alisimama nyuma yangu muda mrefu, akauliza kwa upole, "Dada, kwa nini unapima maharagwe kwa tepu?" Nikamwambia kwetu ndivyo, ukoo mzima.

Jana nilikuwa mapumzikoni. Nikavaa lile gauni ulilonishonea, nikaketi meza ya dirishani, nikaagiza, nikalipa bei kamili. Sikubakisha punje. Kisha nikajikuta niko kwenye karo naosha sahani yangu, tajiri akanitoa huku akicheka.

Mwezi wa sita ndio huo, baba. Shangazi akija, usimpe kiasi. Mpe inchi.

Mwanao, mpishi


Tarehe 9, mwezi wa saba

Mpishi wangu,

Marahaba mara mia. Goti limenyamaza kwa heshima yako.

Natangaza ushindi. Shangazi yako alifika tarehe thelathini, saa sita mchana, na gari la mizigo, dereva, na kamba tatu. "Kaka, fungasha."

"Gari halitakimbia, dada. Kula kwanza."

Akaketi ukingoni mwa kiti. Kinyozi na mwalimu walisimama dirishani, mashahidi. Nikapakua kilima cha inchi tatu, nikakipima mbele yake ili pasiwe na maneno baadaye. Kijiko cha kwanza alikitafuna akiangalia dari. Cha pili, akaniangalia mimi. Cha tatu akakiweka chini.

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Muongo!"

Nikamletea sufuria, nikamwonyesha mstari. Akapitisha kidole juu yake, taratibu, mzunguko mzima. Amekula kwa wifi yake miaka ishirini na sita, mkono ule aliujua. Akafuta macho kwa mtandio, akasogeza sahani. "Ongeza."

Aliongezewa mara mbili. Dereva akaitwa, naye akala. Kisha shangazi yako akasimama, akatangaza: "Hahami mtu hapa!" Kinyozi alipiga kelele mpaka Bi Mizani, kule ng'ambo ya barabara, akatoka mlangoni kwake kutazama, nami nikampungia tepu kama bendera. Gari likaondoka tupu, kamba zote tatu zikiburuzika nyuma.

Nyumba yetu ipo, mwanangu. Cherehani iko dirishani pale pale. Ukirudi, unarudi hapa.

Nimalizie kwa habari ndogo, karatasi inakwisha. Kesho yake asubuhi lile gari lilirudi, limejaa. Shangazi yako amehamia hapa. Anasema kula peke yake kumemchosha, na kwamba mimi nimehangaika vya kutosha, kwa hiyo jikoni ameshika yeye. Anapika kila siku, kwa kiasi.

Mimi nakula kwa Bi Mizani. Tepu naiacha mlangoni. Sahani imepanda tena.

Baba yako, fundi